Mtalii Aliyekwenda Ziwani na Jembe

Ildefonce Ndunguru wa Namswea alikuwa na miaka sitini na mmoja, mibuni elfu mbili na ushee, wajukuu watano, na sifa moja aliyoilinda kuliko mibuni: hakuna mtu aliyewahi kumcheka kabla yeye hajajicheka. Ukijiandaa kumwambia kwamba suruali yake imepasuka nyuma, utakuta ameshakwambia yeye, tena na nyongeza ya jinsi upepo unavyoingia. Siku alipovuruga somo la kwanza kanisani, akaruka mistari na kurudia mingine, alimaliza kwa kusema, "Neno la Bwana, isipokuwa pale nilipoliharibu mimi," na padri akachelewa kusimama kwa sababu ya kicheko. Watu walimpenda kwa hilo. Walisema mzee yule hana makuu, na yeye aliwaacha waseme.

Ukweli ni kwamba alikuwa na kitu cha kuficha, na aligundua mapema kuwa mtu anayejianika hadharani kila siku hapekuliwi. Alikuwa anaogopa maji. Si ya kunywa, wala ya kuoga kwenye beseni, bali maji yoyote yanayoweza kumfika mtu magotini. Alipokuwa na miaka tisa alitumbukia kwenye tangi la saruji la kuoshea kahawa, kwa baba yake mdogo, akazama, akameza maji yenye utelezi wa maganda mpaka akaona giza, kisha akavutwa nje kwa sikio. Tangi lenyewe mbuzi angesimama ndani na kuendelea kutafuna. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mtu aliyenusurika ziwani ana hadithi ya kusimulia, lakini aliyenusurika kwenye tangi la kahawa atasema nini mbele za watu? Kwa hiyo hakumwambia yeyote.

Kisha, kana kwamba anatafuta ugomvi na nafsi yake, akaoa binti wa Ziwa Nyasa.

Tadea alizaliwa kwenye kitongoji kidogo kupita Mbaha, mahali ambapo majabali yameingia majini na kuifunga njia ya miguu, hata mgeni hana budi kufika kwa mtumbwi au boti. Ildefonce alimkuta Mbinga mjini, kwa shangazi yake, akijifunza ushonaji kwa masista. Posa ilipelekwa na mjomba wake Ildefonce, mahari ikapelekwa na mjomba huyohuyo, harusi ikafungwa Mbinga, na bwana harusi hakulazimika kukanyaga hata mchanga. Baada ya hapo alianza kulazimika, na hapo ndipo kahawa ilipomfaa. Mara kupalilia, mara kupunguza matawi, mara kupiga dawa, mara kuchuma, mara kuanika. Mkulima wa kahawa akitaka kisingizio hakikosi mwezi. "Mama Careen, wewe tangulia. Nitakuja baada ya kahawa." Tadea akatangulia. Alitangulia miaka thelathini na minne. Mtoto wa kwanza alipelekwa kuonyeshwa kwa babu yake bila baba. Egidi, kaka yake Tadea, alioa bila shemeji. Hata baba yao, Mzee Augustino, alipofariki mwezi wa saba, kahawa ikiwa nyekundu shamba zima, Ildefonce alituma magunia mawili ya mahindi, mbuzi mmoja, na rambirambi zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri. Siku ile ya maziko alipanda shamba lake la juu, ambako anga likitakata ziwa huonekana lote mpaka milima ya Malawi, akashinda pale akiwa ameligeuzia kisogo.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mambo mawili yalimjia kwa pamoja. La kwanza, binti yao Careen, karani katika ofisi moja Mbamba Bay, aliwalipia wazazi wake siku tatu kwenye Hifadhi ya Lihuhu, msitu wa ufukweni mbele ya kijiji cha Lipingo ambako hakuna barabara, hakuna umeme, hakuna mtandao, na ambako watu, kwa maelezo ya Careen, huenda kupumzika. Wanalala kwenye mahema, wanatembea msituni, wanaogelea penye majabali na kutazama samaki wa rangi. La pili, ndugu zake Tadea walikuwa wamepanga kulijengea kaburi la Mzee Augustino na kusimamisha msalaba wa saruji Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Kutoka Lihuhu mpaka kwao ni kuvuka ghuba tu. Egidi angekuja kuwachukua kwa boti yake.

Tadea hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua maharage. "Baba Careen, safari hii kahawa imeshauzwa," alisema. "Ukivuka na mimi Jumamosi, tutarudi wote. Usipovuka, mimi nitabaki kwa mama. Sitagombana na wewe, wala sitakupeleka kwa padri. Nitabaki tu."

Ildefonce akacheka, akasema waume wengi Umatengo wameachwa kwa sababu ya pombe, lakini wa kuachwa kwa sababu ya kaburi la mkwe atakuwa yeye wa kwanza. Tadea hakucheka. Aliendelea na maharage yake. Nyumba bila Tadea hakuweza hata kuifikiria. Hakujua chumvi inakaa wapi.

Habari kwamba anakwenda utalii ilifika kilabuni kabla yake. Jirani yake Nazari alitaka kujua kama atavaa kaptura. "Nitavaa," alijibu Ildefonce, "ila miguu yenyewe itabidi niiombe ruhusa, haijaona jua tangu darasa la saba." Alifunga mizigo kama mtu anayehama: koti, rozari, blanketi mbili, debe la unga wa mahindi kwa sababu ugali wa muhogo hakuuamini, na jembe dogo alilolizungushia blanketi. Mvua zilikuwa zimeanza, na mtu wa milimani hawezi kwenda kulala kwenye mteremko usiojulikana bila jembe. Careen alipowapokea stendi ya Mbamba Bay aliuliza mbona blanketi lina mpini. Baba yake akasema ni fimbo ya uzee, ameanza kuizoea mapema.

Lipingo walipokewa na mhifadhi aliyeitwa Wilfred, mtu wa Rombo aliyehamishiwa huku mwaka wa tatu sasa, mpole, mwenye daftari la makosa ya wageni alilolibana kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Hajambo, alisema Wilfred, akawagawia majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa, akawaonyesha boti ya hifadhi iliyokuwa ikichezacheza kwenye maji. Ni nusu saa tu, alisema. Ildefonce akauliza kwa miguu ni muda gani. Kwa miguu ni kupanda kilima na kushuka, saa tatu, na siku hizi hawapiti huko ila nyani.

"Basi nyani wamepata mwenzao," alisema Ildefonce. "Nimekaa kwenye basi tangu asubuhi, nyonga zimeganda. Acha ninyooshe miguu." Akaanza kukipanda kilima, jaketi la kuelea likiwa limefungwa barabara kifuani. Watu wote ufukweni wakacheka. Yeye akageuka, akawapungia mkono, akajizungusha polepole ili walione na mgongoni. Mtu mwenye akili timamu angelivua alipowapa kisogo, lakini njia ilipita juu ya maji kwa karibu kuliko alivyotegemea, na akaona jaketi limemkaa vizuri. Wilfred ilibidi amfuate, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni kupita msituni peke yake, na boti ikaondoka na mwenzake.

Saa tatu zilikuwa nne na nusu. Walipofika kambini, Tadea na Careen walikuwa wameshakula, na Tadea alikuwa ameketi juu ya gogo, miguu ndani ya maji, akitazama upande wa kwao. Hakuuliza kitu. Alisogea kidogo ili mumewe apate pa kukaa, na mumewe akasema baada ya kupanda kilima mwili unataka kusimama.

Ijumaa asubuhi Careen alitaka wote waende kwenye majabali kuogelea. Ildefonce alikuwa na sababu nne tayari, akaanza na ya mawingu. "Nendeni. Mimi nalinda kambi."

"Unailinda na nani, baba?"

"Na yule pimbi. Tangu jana anaiangalia soksi yangu kwa jicho ambalo silipendi."

Wakaondoka na Wilfred. Ildefonce akangoja kidogo, halafu akapanda mteremko, akajibanza nyuma ya mti ambako angeweza kuwaona bila kuonekana, huku akijiuliza ni mzee gani wa kanisa anayemchungulia mke wake mwenyewe.

Tadea alikuwa na miaka hamsini na sita. Kule Namswea hulalamikia magoti kila Jumapili akipanda kwenda kanisani. Sasa aliingia majini kwa hatua tatu, akajitupa, akapotea. Ildefonce aliukumbatia mti. Akahesabu mpaka kumi na moja, ndipo mkewe akaibuka mbali kabisa, akalizunguka jabali kwa mikono mirefu isiyo na haraka, akajilaza chali juu ya maji na kumwambia Careen neno kwa Kinyasa, kisha akacheka. Kicheko kile Ildefonce hakuwahi kukisikia. Miaka thelathini na minne ameishi na mwanamke huyu, amemwona na homa, amemwona na uchungu wa kuzaa, amemwona na hasira za kila aina, na hakujua kwamba kuna mahali ambapo magoti hayamuumi. Aliona wivu. Halafu akaona aibu. Na kwa kuwa hakuzoea kukaa na aibu mikono mitupu, akarudi kambini akalitoa jembe.

Mawingu kweli yalikuwa yanakuja kutoka ng'ambo, na hema lilikuwa limesimamishwa chini ya mteremko wa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wengine wakiona mteremko husema mandhari ni nzuri. Mmatengo huona maji yatakavyoshuka, na dawa yake ameachiwa na mababu: ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa chini kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, ukabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta mlima mzima. Mvua ikishuka, kila shimo hushika maji yake. Kazi hiyo ina mgawo. Mwanamume hukata nyasi na kuzilaza, mwanamke huchimba na kufukia. Ildefonce amelaza nyasi tangu ana miaka kumi na mitano na Namswea nzima hana mpinzani. Kuchimba hajawahi.

Tena penye njia ya kambi palikuwa na kibao: MARUFUKU KUKATA NYASI WALA TAWI. Ildefonce alikisoma mara mbili, akaridhika kwamba hakikusema lolote kuhusu kuchimba. Kwa hiyo kazi aliyoijua hakuifanya, na aliyoifanya hakuijua. Alichimba ngoro kumi na mbili juu ya hema, safu tatu, bila unyasi hata mmoja wa kuushika udongo, akiwa amevaa jaketi la kuelea kwa sababu ziwa lilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale na huwezi kujua. Alipomaliza alisimama pembeni akaziangalia, akaziona nzuri. Akala ugali wake wa jana, akaingia hemani na jaketi lake, akafunga zipu, akalala usingizi wa mtu aliyeiokoa familia.

Mvua ilifika saa nane mchana. Ngoro zilishika maji vizuri, kama zinavyotakiwa, kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kama asingezichimba, maji yangepita pembeni ya hema kidogokidogo kama yalivyopita misimu yote. Lakini sasa yalikuwa yamewekewa akiba. Tuta la safu ya juu lilikatika, likaiangukia safu ya pili, ya pili ikaiangukia ya tatu, na maji ya ngoro zote kumi na mbili yakateremka kwenye hema kwa mkupuo mmoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Huyu kisima kilimfuata kitandani.

Aliamka maji ya matope yakiwa mdomoni. Ndani ya hema kulikuwa na giza la kijani, godoro linaelea, na kila alichoshika kilikuwa na utelezi uleule wa maganda. Akaitafuta zipu, akaipata, ikagoma. Hapo akawa na miaka tisa. Alipiga yowe ambalo hakujua kwamba mtu mzima anaweza kulipiga, akaendelea kulipiga, na hakusikia watu wakija mbio kutoka kwenye majabali.

Tadea ndiye aliyeifungua zipu. Maji yalitoka kwanza, kisha godoro, kisha mzee wa kanisa akiwa na jaketi la rangi ya chungwa, ambaye alimrukia mkewe shingoni wakaanguka wote wawili. Maji pale nje yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Careen alicheka mpaka akachuchumaa. Wilfred aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Tadea naye alicheka, pale chini kwenye matope, akimpigapiga mumewe mgongoni.

"Baba Careen, simama. Ni tope tu hili."

Hakuweza kusimama. Alijua wanangoja aseme kitu, na kitu alikuwa nacho, cha ziwa kuchoka kumsubiri na kuamua kuja lenyewe. Alifungua mdomo akitaka kukisema, lakini meno yalikuwa yanagongana na maneno hayakupita. Tadea aliacha kucheka. Alimshika kidevu, akamtazama usoni kwa muda, akahisi mwili wote ulivyokuwa unatetemeka mikononi mwake.

"Tupisheni kidogo," aliwaambia wale wengine.

Akampeleka kwenye banda la jiko, akamvua jaketi, akamfunika kanga yake kavu, akachochea moto. Mvua ilikuwa inapungua. Huko juu Wilfred alikuwa anayakagua mashimo, akafungua daftari lake, akalifunga, akafika mlangoni pa banda kwa upole wake wote. "Mzee, hapa nina safu ya kukata mti, ya kuvua bila kibali na ya kuwasha moto," alisema. "Ya kulima ngoro sina. Utanisaidia tu kuyafukia kabla hujaondoka." Kisha akaenda zake.

Ildefonce alingoja hadi hatua zake zikapotea.

"Haikuwa kahawa," alisema.

"Nini haikuwa kahawa?"

"Miaka yote. Naogopa maji, Mama Careen. Naogopa mpaka mkojo unataka kutoka." Akamsimulia habari ya tangi, na baba mdogo, na sikio. Hakuongeza chochote cha kuchekesha, na kwa sababu hiyo hadithi ilikuwa fupi sana. Alidhani Tadea atacheka. Kama hatacheka, basi atamwonea huruma, na huruma hiyo alishaanza kuitamani.

Tadea alikuwa anautazama moto. "Mimi nilidhani unatuonea haya," alisema. "Kila ulipokuwa unatutania, eti tunanuka dagaa wa usipa, eti muhogo umetujaa kichwani, nilikuwa nacheka na watu, lakini moyoni nasema, huyu hatanii."

"Mama Careen."

"Na baba alidhani hivyohivyo. Aliniambia mwaka ule aliokufa. Alisema, mumeo ni mtu mwema, mwanangu, anakulisha, na mahindi anatuletea, lakini kwake sisi si watu. Nikakutetea. Sikuwa na kitu cha kukutetea nacho, nilikuwa na kahawa tu."

Ildefonce alikuwa amejidharau kwa namna nyingi maishani, hadharani, kwa mbwembwe, na kila mara ilikuwa na raha yake. Hii haikuwa na raha yoyote. Mzaha mzaha hutunga usaha: maneno hayo aliwaambia wanawe mara nyingi mezani, akikunja uso kama mwalimu, na wakati wote huo jipu lilikuwa lake, na aliyekuwa anaumwa ni mwingine. Alitaka kumwomba Tadea msamaha, akaona kwamba mtu wa kwanza kuombwa yuko ng'ambo ya ghuba, chini ya udongo. Akalia. Tadea alimwacha alie, akakoroga uji.

Jumamosi alfajiri alizifukia ngoro zote kumi na mbili, Tadea akimwelekeza kwa sababu hata kufukia hakujua. Walikuwa wananawa mikono Egidi alipofika na boti yake ya mbao. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyezungumza na shemeji yake kwa simu tu miaka yote, wakitaniana.

"Shemeji, leo kahawa imekupa ruhusa?"

"Imenipa ruhusa, na salamu imekutumia," alisema Ildefonce.

Boti haikuweza kugusa mchanga. Ilibidi kuifuata majini. Maji yalimfika kwenye kifundo, yakapanda, yakamfika magotini. Tadea alikuwa amemshika mkono, naye aliubana mkono ule mpaka pete ikamwachia mkewe alama. Akaingia botini kwa tumbo, kama gunia. Hakukaa kwenye ubao. Alikaa chini, kwenye maji machafu ya botini, macho amefumba, mkono mmoja umeshika ubavu wa boti na mwingine kifundo cha mguu wa Tadea, akisali Salamu Maria bila kufika mwisho. Egidi aliona huo ni utani mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona. Kadiri shemeji yake alivyotetemeka ndivyo yeye alivyocheka, na shemeji alipotapika alisema huyu jamani ni fundi kweli, ametapika sawasawa. Ildefonce aliyasikia yote hayo. Aliona ni mshahara wa haki.

Ndugu wote walikuwa kaburini. Katekista aliongoza sala, msalaba ukanyunyiziwa maji ya baraka, kisha wakwe wakakaribishwa waseme neno. Ildefonce aliposimama, suruali bado imelowa, watu walijiweka sawa mikekani na kuanza kutabasamu. Sifa zake zilikuwa zimevuka ghuba miaka mingi kabla yake.

"Sikuja kumzika baba," alisema, "kwa sababu naogopa maji."

Wakacheka sana. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga.

"Si utani," alisema. Wakacheka zaidi. Hakuwalaumu, yeye ndiye aliyewafundisha. Alisimama tu akangoja, na Tadea akainuka akaja kusimama karibu naye, uso wake hauna tabasamu. Hapo vicheko vikaanza kukatika, kimoja baada ya kingine, na wa mwisho kunyamaza alikuwa Egidi.

"Nilisingizia kahawa," alisema Ildefonce. "Mzee hakunikosea kitu. Sikumdharau, wala siwadharau. Niliogopa, nikaona haya kusema. Hayo tu."

Mjane wa Mzee Augustino alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele. Aliitwa Mama Hilda, alikuwa amepita miaka themanini, na Kiswahili alikisema polepole, neno moja moja. Ildefonce alikuwa amekaa mbali naye na kuinamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Akamwita.

"Sogea. Nilikuona siku ya harusi. Ulikuwa na nywele."

Watu walicheka kidogo, na Ildefonce naye akacheka, akapiga magoti pembeni ya mkeka. Mama Hilda hakuwa amemaliza.

"Kwetu hapa mzazi haendi kwa mkwe mpaka mkwe aje amwite kwa mdomo wake. Mume wangu alikuwa na miguu mizima, na milima aliipenda. Kila mwaka akisikia kahawa yenu imeisha, alikausha samaki wetu mbasa wa kuwaletea, akamfunga kwenye jani, akamning'iniza pale jikoni, akangoja. Mwisho tulikuwa tunawala wenyewe." Aliunyoosha mkono upande wa Lipingo. "Usingelazimika kuvuka, mwanangu. Ungesimama Lipingo ukaita tu. Angekuja."

Ildefonce alihisi maneno yale yakimwingia, na hakutafuta pa kuyakwepea.

"Mama," alisema, "nimekuja kukuita wewe."

"Lini?"

"Kesho, baada ya ibada. Tukirudi, twende wote Namswea."

Mama Hilda aliigeukia boti pale ufukweni, akamgeukia tena mkwe wake, akamkagua kuanzia kichwani mpaka kwenye suruali iliyolowa.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini kwenye boti ukae mbele yangu, nikuone vizuri unavyoogopa. Mwenzangu hakuipata nafasi hiyo."

"Sawa, Mama," alisema Ildefonce.